Ukuta Wenye Matundu ya Fisi: Mazungumzo Kuhusu Harar

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja, na poleni na joto. Mombasa ndiyo hii.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mji wa kale, ulio juu ya kilima, wenye ukuta. Nikajua walichokuwa nacho moyoni. Ni ile miji ya kwenye kalenda: San Gimignano ya Italia na minara yake, Carcassonne ya Ufaransa na makundi yake ya watalii. Miji mizuri, siitii ila. Lakini nikajiuliza, mbona tuvuke bahari na jirani tunaye? Basi leo nawapeleka Harar, mashariki ya Ethiopia.

Njia yenyewe ni nusu ya habari. Ukitoka Dire Dawa, mji wa joto na vumbi, gari linaanza kupanda, kona baada ya kona. Mashambani unaona miraa imepandwa safu kwa safu. Wao huiita chat. Unapita Aweday, soko ambalo halina biashara nyingine ya kutajika ila hiyo, na dereva lazima asimame anunue shada lake, hilo msimlaumu. Upepo unageuka baridi, mtu wa pwani unaanza kutafuta sweta. Ukifika Harar uko mita 1,885 juu ya bahari. Na hapo, nyuma ya majengo mapya na bajaji zinazopiga honi, unauona ukuta.

Nasema kweli, mara ya kwanza sikushtuka. Nilikuwa nimejiandalia ngome. Nikakuta ukuta wa mawe wenye kimo cha mita nne hivi, mahali pengine umepakwa, mahali pengine mawe yako wazi, unapanda na kushuka kufuata mwinuko wa ardhi. Unauzunguka mji kwa zaidi ya kilomita tatu. Tukilinganisha na Fort Jesus yetu, kwa unene wa kuta Harar hatuna la kubishana nayo. Kilichonisimamisha kilikuwa chini, usawa wa goti: tundu. Tundu lililojengwa makusudi, lenye kingo zake. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akinitembeza, hili ni la maji ya mvua? Akasema, la maji, ndiyo, na la fisi. Jina lake wanalo kabisa, waraba nudul, tundu la fisi. Waraba ndiye fisi.

Fisi, mabibi na mabwana. Mtu anajenga ukuta kuzunguka nyumba zake, watoto wake na mifugo yake, halafu anamwachia fisi mlango. Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria ukuta ule kwa tundu lile, na mazungumzo yangu yote ya leo yanapitia hapo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ukuta unaitwa Jugol, na mji wa ndani nao unaitwa Jugol. Ukisema mmoja umesema wote wawili. Lakini Waharari wenyewe, wakizungumza kwao, hawasemi Harar. Husema Gey. Maana yake ni "mji", basi. Lugha yao ni Gey Sinan, lugha ya mji, na wao ni Gey Usu, watu wa mji. Kama kwamba dunia ina mji mmoja tu na vilivyobaki ni mashamba. Msicheke sana, sisi pia neno letu "mwenyeji" ukilifungua utamkuta ndani yake mwenye mji. Na mzee wa Lamu akikwambia anakwenda mjini, humwulizi mji gani.

Habari ya ukuta inaanza na mjane.

Mwaka 1520 makao ya usultani wa Adal, dola ya Waislamu wa pande hizo, yalihamishiwa Harar. Kutoka hapo akainuka Imam Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wakristo wa Ethiopia walimbandika jina la Gragn, yaani mashoto, mtu atumiaye mkono wa kushoto. Kwa muda wa miaka kama kumi na tano aliitikisa dola ya Kikristo mpaka ikabaki kidogo tu ianguke. Mfalme wa Ethiopia akaomba msaada kwa Wareno, na mwaka 1541 wakateremka Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, watu mia nne wenye bunduki, wakiongozwa na Cristóvão da Gama. Naona mzee pale amekunja uso. Ndiyo, ni ukoo ule ule. Huyu ni mwana wa Vasco da Gama, yule aliyepita kwetu mwaka 1498 na Mombasa ikamkataa. Imam alimkamata mtoto mwaka 1542, akamuua. Mwaka uliofuata Imam naye akauawa vitani.

Mkewe, Bati Del Wambara, akaponea chupuchupu na kurudi Harar. Nur bin Mujahid, mtoto wa dada yake Imam, akataka kumwoa. Wanasimulia kwamba yule mama alimtajia mahari ambayo haihesabiki kwa dhahabu: alipe kisasi cha mume wangu. Nur akashika utawala mwaka 1552, na mwaka 1559 akapigana na Galawdewos, mfalme wa Ethiopia, akamuua. Mahari ikalipwa.

Lakini wakati yeye anapigana kaskazini, Waoromo walikuwa wakipanda kutoka kusini, na jeshi lake lililochoka likavunjwa nao. Ikafuata njaa, na njaa ikaleta maradhi. Ni katika shida hiyo ndipo Nur aliposimamisha Jugol. UNESCO wanaandika kwamba kuta zile zilijengwa kati ya karne ya 13 na ya 16, lakini ukiwauliza Waharari watakutajia jina moja tu: Amir Nur. Yeye mwenyewe aliuawa na maradhi yale yale miaka michache baadaye. Kaburi lake liko ndani ya mji, lina kuba la kijani lililochongoka, lenye vijiwe vilivyotokeza pande zote kama fenesi. Nililizunguka mara mbili. Tunapenda kusema kuta za kale ni alama za enzi na nguvu. Huu ulijengwa na watu waliokuwa wameshindwa juzi, wana njaa, na wamezika wengi.

Ukuta ulikuwa na milango mitano: Asum, Argob, Suqutat, Badro na Asmadin. Kila mmoja na njia yake ya biashara na watu wake waliozoea kuingilia hapo, na soko lake karibu. Misafara ilitoka Zeila na Berbera, pwani ya Wasomali, ikaingia na nguo na chumvi, ikatoka na kahawa, ngozi na pembe, na, tusifiche, watumwa. Jua likitua milango ilifungwa. Mgeni mwenye silaha aliiacha mlangoni. Kwa miaka mingi amiri wa Harar alipiga sarafu zake mwenyewe, kama mwenye dola kamili, juu ya eneo ambalo leo mtu mwenye miguu mizuri analimaliza kabla ya adhuhuri.

Na hapa nataka kukaa kidogo. Hiyo lugha, Gey Sinan, ni ya jamaa moja na Kiamhara na Kiarabu kwa asili, lakini nje ya ukuta watu wanasema Kioromo, na ukishuka chini zaidi Kisomali. Kwa muda mrefu ilikuwa lugha ya mji mmoja. Waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyoandika tenzi za Pate na Lamu, na mafundi wao wa kujalidi misahafu walikuwa na sifa. Fikirieni lugha nzima, na mashairi yake na matusi yake na nyimbo zake za harusi, imeishi ndani ya ukuta wa kilomita tatu. Mimi nadhani hapo ndipo ukuta ulipofanya kazi yake hasa. Kuwazuia maadui haukuweza, kama mtakavyosikia.

Mwaka 1855, tarehe 3 Januari, alifika mlangoni Mwingereza Richard Burton. Yeye huyo mnayemjua kwa safari nyingine, kwani miaka miwili haijapita alikuwa Unguja na hapa Mombasa, akijitayarisha kwenda ziwa Tanganyika pamoja na msafiri mwenzake, Speke. Alikuwa amekuja mpaka karibu na Harar kwa kujifanya mfanyabiashara wa Kiarabu. Lakini uso wake mweupe ulimponza kwa namna ya ajabu: njiani watu walimdhania Mturuki, na Mturuki huko alichukiwa kuliko Mwingereza. Basi akaona heri aseme ukweli. Akaingia kwa jina lake, akampa mkono Amiri Ahmad, akakaa siku kumi akiwa nusu mgeni nusu mfungwa, akaondoka salama. Aliandika kitabu akajisifu sana. Vitabu vya namna hiyo vina faida, ila uvisome kama unavyokula samaki wa miba mingi.

Kulikuwa na imani mjini kwamba siku Mkristo atakapoingia Harar, mji utaanguka. Basi aliingia, akatoka, na miaka ishirini baadaye, 1875, mji ukaanguka. Lakini aliyeuangusha hakuwa Mkristo. Alikuwa Rauf Pasha na jeshi la Misri, Waislamu wenzao, waliosali msikiti mmoja nao. Wamisri wakakaa miaka kumi, wakaondoka 1885. Amiri Abdullahi akarudisha utawala wa nyumba yake, na hakuumaliza mwaka wa pili: Januari 1887 Menelik, mfalme wa Shewa, nchi ya katikati ya Ethiopia, alimpiga katika uwanja wa Chelenqo. Waharari waliokufa siku ile bado wanakumbukwa, nitawaambia namna gani tukifika ndani ya nyumba. Menelik akamweka Ras Makonnen kuwa gavana. Mtoto wa huyo Makonnen, Tafari, aliyezaliwa karibu na Harar mwaka 1892, ndiye dunia ilikuja kumjua kama Haile Selassie.

Katika uwanja wa katikati, unaoitwa Faras Magala, soko la farasi, pamesimama kanisa. Kabla ya 1887 palikuwa na msikiti. Sitalizungusha jambo hili maneno, kila mji mkongwe una jiwe la namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2003 Harar ilitunukiwa na UNESCO tuzo ya miji ya amani, kwa jinsi watu wa dini na lugha mbalimbali wanavyokaa pamoja pale. Mambo yote mawili ni ya kweli, na yako mtaa mmoja.

Mfaransa naye yumo. Arthur Rimbaud, mshairi aliyeacha mashairi kabla hajafikisha umri wa baadhi yenu hapa, alifika Harar mwaka 1880 kununua kahawa na ngozi, akaenda akarudi, akauza na bunduki, mpaka mguu wake ukaharibika akachukuliwa kwenda kufa Marseille, 1891. Watalii wanaonyeshwa Nyumba ya Rimbaud, jumba zuri la ghorofa lenye mbao zilizochorwa na vioo vya rangi. Mtu wa Mombasa akiliangalia tu anajua: hili ni jumba la Mhindi. Na kweli, ni la mfanyabiashara wa Kihindi, lilijengwa baada ya Rimbaud kufa. Nilimwuliza msimamizi kama hilo halimsumbui. Akatabasamu, akanikatia tiketi.

Pigo la mwisho lilikuja bila risasi. Reli ya Wafaransa kutoka Djibouti ilipofika nyanda hizo mwaka 1902 haikuweza kupanda mlima. Kituo kikajengwa chini, na pakaota mji mpya, Dire Dawa. Biashara ikateremka kuufuata. Matajiri wakahama. Kwa Harar ilikuwa hasara kubwa, lakini kwa sisi tunaopenda mawe ya kale ilikuwa salama: hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba ya babu yake ili ajenge gorofa. Mlango wa sita uliongezwa baadaye, mpana, kwa ajili ya magari. Ndio wanaoutumia wageni wengi. Nawashauri muuache, mwingie kwa mmoja wa ile mitano.

Ndani sasa. UNESCO, walipouandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, walihesabu misikiti 82 na makaburi ya mawalii 102. Ndani ya hekta 48! Nyingine ni misikiti ya watu kumi na watano, mlango wake unainama ndipo uingie. Wenyewe huuita mji wa mawalii, na mkubwa wao ni Aw Abadir, ambaye inasimuliwa alikuja kutoka Makka na wenzake. Utasikia pia kwamba Harar ni mji mtakatifu wa nne katika Uislamu. Masheikh waliopo hapa wanajua kwamba orodha ya miji mitakatifu inaishia mitatu, na sitaki kugombana na mtu. Mimi huichukulia kama sifa anayoisema mtu juu ya mama yake.

Vichochoro ndivyo vitakavyowafanya mjisikie nyumbani. Vyembamba, kuta ndefu zisizo na madirisha, nyeupe au kijani au samawati, na kila penye kona mwanamke amekaa na tenga la nyanya. Kimoja kinaitwa Makina Girgir. Makina ni cherehani, na girgir ni mlio wake. Mafundi wamekaa huku na huku nje ya maduka ya vitambaa, kila mmoja na cherehani ya kukanyaga, na ukipita hapo masikio yako yanakuambia jina la mtaa kabla hujauliza.

Ukibisha hodi ukakaribishwa katika nyumba ya asili, gey gar, utaanza kwa kuvua viatu. Sebule yake haina viti. Ina vibaraza vya udongo vilivyopanda ngazi ngazi, vinaitwa nedeba, vitano, na kila kimoja kina watu wake: mzee wa nyumba ana chake, mgeni ana chake, vijana wana chao karibu na mlango. Ukiingia tu na kuangalia nani amekaa wapi, umeshajua heshima ya kila mtu. Ukutani kuna zidaka, ndugu zangu, zidaka kama za Lamu, zimejaa bakuli na vitabu, na juu yake makawa yaliyosukwa na wanawake wa nyumba ile, rangi zinawaka. Zulia likiwa limekunjwa na kuwekwa juu ya mlango, maana yake ndani kuna binti wa kuposwa. Na pembeni ya sebule kuna chumba kidogo sana, kirtat, ambamo maharusi hufungiwa juma zima, chakula wanapitishiwa kwa kidirisha. Nilipoambiwa hivyo nikasema, hii ni fungate! Wakataka niwaeleze fungate ni nini, tukacheka mpaka kahawa ikapoa.

Nilisema nitawaambia juu ya waliokufa Chelenqo. Tazameni sakafu na vibaraza vya sebule ile. Vimepakwa udongo mwekundu. Wenye nyumba wanasema ni damu ya siku ile ya mwaka 1887. Watoto wanacheza juu yake, wageni wanakunywa kahawa juu yake.

Kahawa, ndiyo, tusiipite. Buni za Harar hukaushwa juani na ganda lake, hazioshwi, ndiyo sababu zina harufu ya matunda. Buni njema zilipelekwa sokoni. Nyumbani watu walizoea kuchemsha maganda, au majani ya mbuni yakiongezwa maziwa. Nilikunywa ya majani. Sitadanganya mbele ya wazee: chai ya hapa ni tamu zaidi.

Na jambo moja kwa nyinyi mnaofunga sita za Shawwal: Harar wakizimaliza hawanyamazi kama sisi. Wana sherehe kubwa, Shuwalid, mchana na usiku, ngoma na zikiri na mavazi, na vijana wanatazamana kwa nia ya kuoana. UNESCO waliiingiza katika urithi usioshikika mwaka 2023. Waharari waliotawanyika, maana wengi walihama baada ya serikali ya Haile Selassie kuwabana mwaka 1948 na wengine baadaye, mpaka Toronto, huja kwa siku hizo. Nje ya ukuta na hata ndani yake, leo wao wenyewe ni wachache kuliko majirani zao.

Sasa fisi, maana naona vijana mnasubiri hilo tu.

Kwetu fisi ni wa kuchekwa. Njia mbili zilimshinda, akapasuka msamba. Huko bara tena anapandwa na wachawi usiku. Harar kuna hadithi kwamba zamani za njaa, fisi walianza kushambulia watu, na mawalii wakakutana juu ya mlima wakapatana: watu watawapikia fisi uji, nao wawaache watu. Siku ya Ashura uji wenye samli huwekwa nje, na watu hutazama fisi wamekula kiasi gani. Wakikataa, au wakikomba chote, mwaka una balaa. Mila ya kuwalisha nyama kila usiku nje ya ukuta mbele ya wageni ni ya juzi, ya karne iliyopita, lakini ile ya kuwaacha waingie mjini ni kongwe. Wanapita matundu usiku, wanakula mifupa na mabaki vichochoroni, na alfajiri wameshaondoka. Wanasema pia kwamba fisi hula majini. Sikuwa na la kujibu. Mji ulikuwa safi.

Usiku wangu wa mwisho nilichelewa kwenye nyumba ya watu, kahawa tena, na nilikuwa narudi na yule kijana wangu. Taa za mtaa zimezimika. Kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili nikasikia kucha juu ya mawe. Akatokea. Mkubwa, kichwa chini, mabega juu, anatembea kama mtu anayerudi kutoka kazini. Nikataka kukimbia. Kijana akanishika mkono, akanivuta ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mpishe, ana njia yake.

Nikampisha. Alinipita karibu hivi, kama nilivyo na kipaza sauti hiki.

Mzee, mkono wako umeinuka tangu kwenye habari ya da Gama. Tuanze na swali lako.